Ukuta Ulioanguka Rufaa Ikingojwa

Kaka yangu ndiye aliyekuwa na haja ya mkopo, lakini sahihi kwenye karatasi za rehani ilikuwa ya mama, kwa sababu nyumba ilikuwa yake. Aliachiwa na baba yetu: ghorofa mbili za mawe na chokaa pale Malindi ya Unguja, dakika tano kwa miguu kutoka bandarini. Mama alivaa miwani, akauliza aandike wapi, akaandika. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nachambua mchele na sikusema neno, kwa hivyo nikianza kugawa lawama katika habari hii sitajiweka pembeni.

Kaka alifungua duka la vipuri vya magari. Likaenda, likasita, likafa. Yeye akapata kazi ya udereva Maskati, akaondoka, na kila nikimuuliza habari za benki ananijibu kwa ujumbe wa sauti: msiwe na wasiwasi, nalishughulikia. Nilikuja kujua alivyolishughulikia siku moja baada ya laasiri, mtu nisiyemjua alipobisha hodi, akasalimia kwa adabu, akasema ameinunua nyumba hii mnadani na anaomba kuiona ndani.

Sikuelewa. Nilidhani amekosea mlango. Akanionesha karatasi yenye mhuri, na kwenye karatasi ile limo jina la mama. Baadaye tukapata habari kwamba notisi ya mnada ilibandikwa kwenye mlango wa duka la kaka, duka ambalo wakati huo lilikuwa limeshafungwa kwa miezi na kufuli lake limeota kutu. Hapana hata karatasi moja iliyofika Malindi, katika nyumba yenyewe inayouzwa, ambako mwenye nyumba alikuwa amekaa kitako kila siku anakunywa chai yake.

Nilimwita yule mtu mwizi. Nilimwita kwa sauti, majirani wakasikia.

"Dada," akasema, "mimi nimenunua mbele ya watu. Sikuvunja mlango wa mtu."

Nikamfungia.

Alikuwa mtu wa Nungwi, wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye mikono mikubwa. Alikuwa na kiwanja cha urithi karibu na pwani, na wenye hoteli walimganda mpaka akakiuza. Alitaka nyumba ya mjini ili binti zake watatu wanaosoma wasiendelee kulala kwa watu. Haya yote niliyajua baadaye. Kwa muda mrefu sikutaka kujua lolote juu yake, maana ni rahisi zaidi kumchukia mtu ambaye hujui ana watoto wangapi.

Tukafungua kesi ya kuupinga mnada. Tukashindwa. Wakili wetu, kijana nadhifu mwenye ofisi Vuga, akasema tusivunjike moyo, tutakata rufaa. Tukakata. Na hapo mtaa mzima ukawa wanasheria. Muuza kahawa wa pembeni, binamu yangu, jirani wa mbele, wote walisema jambo moja: rufaa ikishaingia, hapana wa kukugusa, mpaka isikilizwe. Mama akaanza kulala vizuri. Mimi pia. Nilikuwa nafanya kazi ya kukata tiketi za boti za Dar es Salaam, na kwa mara ya kwanza baada ya muda nikawa nawapa abiria chenji bila ya kuihesabu mara tatu.

Halafu akaja dalali wa mahakama na notisi ya siku kumi na nne.

Nilipanda juu mbio, nikaleta nakala ya rufaa yenye mhuri, nikamkabidhi kama mtu anayeonesha pasi ya kusafiria. Akaitazama, akanirejeshea.

"Hii ni rufaa," akasema. "Miye nnatafuta zuio. Mnalo?"

"Rufaa si ndiyo zuio?"

"Si kitu kimoja, bibi. Rufaa ni ya kusema hukumu ilikosewa. Haimzuii mtu kuitekeleza. Wanaotaka nisije huomba amri ya kunizuia, mbali na rufaa. Kama hamna amri hiyo, siku ya kumi na tano ntakuja na watu wa kubeba vyombo."

Alisema bila ya ubaya wowote. Ndivyo alivyokuwa akisema kila siku, kwa kila mtu, na nadhani kila siku alikuwa akiona uso kama ule wangu.

Nilikwenda Vuga na viatu vya ndani. Wakili akanikaribisha, akasema kweli, rufaa peke yake haizuii utekelezaji.

"Kwa nini hukutwambia?"

"Hamkuuliza."

Nimelifikiria neno lile moja mara nyingi kuliko baadhi ya maneno aliyonambia mume wangu Mungu amrehemu. Hamkuuliza. Mtu unakwenda kwa daktari na mguu uliovunjika, anakuuzia dawa ya maumivu, kisha anakwambia hukuuliza kama mfupa utaunga. Lakini siku ile sikuwa na nafasi ya kugombana. Palihitajika nakala ya hukumu iliyothibitishwa, nakala ya notisi ya dalali, kiapo cha mama, na dhamana ya kuonesha kwamba tukishindwa mnunuzi hatapata hasara. Dhamana aliitoa shangazi, shamba lake la mikarafuu. Nakala ya hukumu niliifuatilia kaunta hadi kaunta siku tano. Siku ya kumi na mbili tukapewa amri.

Ilikuwa karatasi moja. Ilisema utekelezaji umezuiwa na hali ibaki kama ilivyo mpaka rufaa itakaposikilizwa na kuamuliwa. Mama alinisomesha mara mbili. Akanituma nikanunue halua, akapika kahawa, akawaita majirani.

Hali ibaki kama ilivyo. Sisi tuliyasoma maneno yale kwa maana moja tu, kwamba tunabaki. Hapana aliyesoma kwamba na nyumba nayo imeamrishwa ibaki kama ilivyo, na kwamba nyumba haisomi.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito. Ukuta wetu wa nyuma, ule ulioshikilia ngazi na choo cha juu, ulikuwa na ufa wa zamani mwembamba kama uzi. Mvua ilipokolea ufa ukaanza kufunguka. Mwanzo chokaa ilimwagika kwenye ngazi, nikawa nafagia asubuhi na jioni. Halafu mlango wa choo ukakataa kufunga. Nikachora mstari wa penseli kwenye ncha ya ufa, na baada ya juma moja ncha ilikuwa imeuacha mstari kwa urefu wa kiganja. Kidole changu kikaingia, kisha vidole viwili. Siku za upepo, ukiweka jicho pale, unaona uchochoro wa nyuma.

Nilimwita fundi wa chokaa wa mtaani, mtu aliyezijua nyumba zile tangu utotoni mwake. Akagonga, akasikiliza. Akasema kwanza tuuegemeze kwa magogo kutoka uani, kisha afukue sehemu iliyooza aijaze upya kwa mawe na chokaa. Kazi ya majuma matatu. Nikampigia simu wakili kumjulisha tu, kwa heshima.

"Usiguse," akasema.

"Ukuta utaanguka."

"Ukigusa, wakili wa mnunuzi atakwenda kusema mmevunja amri. Hali ibaki kama ilivyo, dada. Ikifutwa ile amri, kesho yake mko nje."

"Hata kuegemeza?"

"Hata msumari."

Nikamrudisha fundi. Alinitazama kama anayetazama mtu asiye na akili, na alikuwa na haki.

Mnunuzi alikuwa na desturi ya kupita Ijumaa baada ya sala, anasimama uchochoroni, anaitazama nyumba, anakwenda zake. Nilikuwa namuona kupitia dirishani na damu inanichemka. Ijumaa moja hakuenda zake. Alizunguka, akabisha hodi.

"Dada, leo sikuja kwa kesi," akasema. "Nimekuja kwa ukuta."

Sijui kwa nini nilimfungulia. Labda kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza, mbali na fundi, aliyelitaja lile neno bila ya kuliunganisha na karatasi. Mama alikuwa amekaa ukumbini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uloninunua?"

"Nimenunua nyumba, mama. Sikukununua wewe."

"Na mimi nimo ndani yake."

Alipanda ngazi upande wa mkono wa ndani, taratibu, akauweka mkono wake mkubwa juu ya ukuta na kuuacha pale kama anayempima mtoto homa. Aliposhuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Huu unatembea," akasema. "Hauna masika mengine. Nna magogo kwetu, mazito, yamekauka vizuri. Jumatatu ntayaleta. Sitaki ufunguo, sitaki kulala humu, sitaki chochote. Nataka usimame tu. Atakayeshinda aikute nyumba."

Mama akasema, "Yalete."

Mimi nikasema, "Yalete."

Atakayeshinda aikute nyumba. Ni sentensi ya busara kuliko zote zilizosemwa katika kesi ile, na haimo katika jalada lolote.

Jumapili nilimpelekea wakili ujumbe kumwambia. Hilo ndilo kosa langu. Sikumuomba ruhusa, nilimpa habari tu, lakini mtu aliyezoea kuomba ruhusa hata habari yake inasomeka kama ombi. Jumatatu asubuhi, lori la mnunuzi likasimama kule barabara ya bandarini kwa sababu haliwezi kuingia kwenye vichochoro vyetu, na mahamali wanne wakaja na gogo la kwanza mabegani, wanaimbiana hatua. Walikuwa wameshafika mlangoni simu yangu ilipolia.

"Ukimruhusu aweke hata ubao mmoja," wakili alisema, "kesho atakwambia amekabidhiwa nyumba. Atasema yumo ndani kwa hiari yenu. Kesi imekwisha. Nnakuomba, usiniharibie kazi."

Nilisimama kizingitini, simu sikioni. Mahamali wamesimama na gogo mabegani, jasho linawachuruzika. Mnunuzi yuko nyuma yao.

"Wakili wangu kakataa," nikamwambia.

"Na wangu kakataa," akasema. "Kanambia nikiuegemeza nikashindwa rufaa, hapana wa kunilipa, na ukianguka watasema niliutingisha mimi. Nimezima simu. Na wewe izime."

Sikuizima. Ningeweza kusema nilikuwa nimechoka, au kwamba mwanamke mjane mwenye mama mzee hawezi kubahatisha. Yote ni kweli. Lakini kilichonishika ni hofu ya karatasi. Miaka miwili nilikuwa nimefundishwa kwamba karatasi ndiyo inayotuweka ndani, na nikaiamini kuliko macho yangu.

"Warudishe," nikasema.

Hamali mmoja akauliza nani atawalipa ujira wa kwenda na kurudi. Mnunuzi akasema yeye. Wakageuka na gogo, kwa tabu, maana uchochoro ni mwembamba na gogo ni refu, ikabidi warudi kinyumenyume mpaka kwenye kona. Mama alikuwa dirishani juu ameona yote.

"Mbona wanaondoka?"

"Wakili kasema hapana."

"Wakili analala humu?"

Nikachukua ufagio, nikaenda kufagia chokaa ya ngazini.

Wakili hakukaa bure, namtendea haki. Aliandika maombi ya kutaka amri ibadilishwe ili turuhusiwe kuutengeneza ukuta. Tulipangiwa siku. Siku ilipofika jaji alikuwa safarini. Tukapangiwa nyingine, wakili wa benki akasema hakupata nakala. Ya tatu, jalada lilikuwa limepelekwa kwa ajili ya rufaa yenyewe na halijarejea. Kila sababu, ukiitazama peke yake, ilikuwa sababu. Watu wanasafiri, nakala zinachelewa, majalada yanahamishwa. Hapana aliyefanya ubaya. Hilo ndilo lililonitia hasira mpaka nikawa siwezi kula: kwamba nilitafuta mtu wa kumkasirikia katika lile jengo na kila mmoja alikuwa anafanya kazi yake, na huku kwetu ukuta unatembea.

Ulianguka siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikuwa kazini kwenye dirisha langu la tiketi, boti iko karibu kuondoka, foleni imefika nje. Nilisikia mshindo, nikadhani wameangusha kontena bandarini. Hata sikunyanyua kichwa. Halafu simu ikalia, jirani wa mbele, na kabla hajamaliza jina langu nikajua. Niliacha droo wazi, tiketi nje, watu wamesimama. Nilikimbia.

Uchochoro ulikuwa mweupe. Ukuta wa nyuma wote ulikuwa chini, na umechukua ngazi, choo, na nusu ya jiko. Mama alikuwa juu, chumba cha mbele. Kilichobaki chini ya miguu yake ni sakafu ya boriti iliyoning'inia bila ya kitu nyuma yake. Alikuwa amesimama dirishani na gauni la nyumbani, kichwa wazi, nywele zake nyeupe zimezidi kuwa nyeupe kwa vumbi la chokaa. Mama yangu, ambaye sijapata kumuona hata siku moja akifungua mlango wa mbele bila ya kujitanda.

Gari la zimamoto lilikuja upesi lakini halikuweza kuingia. Vijana wa mtaa walifunga ngazi mbili pamoja kwa kamba, wakaziegemeza dirishani.

"Teremka, bibi," wakamwambia.

"Nipeni kanga."

"Bibi, nyumba inaanguka."

"Nnasikia. Nipeni kanga."

Jirani akaleta kanga, akaikunja, akairusha. Ikaanguka. Akairusha tena. Ya tatu mama akaidaka. Akajitanda, akajifunga vizuri kidevuni, mikono yake haina haraka, na huku mawe madogo yanadondoka nyuma yake tunayasikia. Kisha akateremka kinyumenyume, kidato kwa kidato, mwanamume mmoja chini yake anamwekea mguu mahali pake. Ana miaka sabini na sita. Alipofika chini hakulia. Aliniambia, "Miwani yangu imebaki juu."

Mnunuzi alifika baada ya adhuhuri. Nilimuona anakuja na nikajiandaa. Nilijua atakalosema, nami nilikuwa nimeshalisema mara mia moyoni mwangu. Alitazama lile rundo, akatazama palipokuwa ngazi. Halafu akauliza:

"Mama yu hai?"

"Yu hai."

"Alhamdulillahi." Akakaa kwenye baraza ya jirani, akashika kichwa chake.

Angenitukana ningepata pa kuiweka hasira yangu. Hakunitukana, nikabaki nayo.

Jioni ile wakaja maofisa wa majengo, wakabandika tangazo jekundu: jengo la hatari, mtu yeyote asiingie. Hili la kwetu lilibandikwa kwenye mlango wenyewe. Nikampigia wakili. Nilikuwa nimekaa uchochoroni juu ya gunia la nguo ambazo vijana walizitoa kwa mti kupitia dirishani.

"Msijali," akasema. "Kisheria bado mmo ndani. Amri ya zuio ina nguvu yake. Tangazo la usalama si utekelezaji wa hukumu. Hapana aliyekutoeni."

"Nimekaa njiani," nikamwambia. "Mama yangu yuko kwa watu na hana miwani. Unanambia nimo ndani?"

"Nnasema kisheria."

"Basi njoo ulale humo wewe, kisheria."

Nikamkatia simu. Ilikuwa mara ya kwanza.

Mama akaenda Jambiani kwa mdogo wake, ambaye maisha yake yote amelima mwani. Mimi nikakodi chumba Mwanakwerekwe, nikawa naamka alfajiri kuwahi boti ya kwanza. Kila nikipita karibu na Malindi nilipita njia nyingine. Kaka alituma ujumbe wa sauti analia. Sikuusikiliza mpaka mwisho. Nilimwandikia: lia vizuri, huko kuna kiyoyozi.

Rufaa ilisikilizwa ulipokuja mwaka mwingine, na baada ya miezi ikatoka hukumu. Tulishinda.

Nasema tena kwa sababu hata mimi ilinibidi niambiwe mara mbili. Tulishinda. Mahakama ilisema notisi ya mnada ilipaswa kufika kwa mwenye nyumba, na kubandikwa kwenye duka lililofungwa la mtu mwingine si kumfikishia. Mnada ukafutwa. Kila neno tulilolisema tangu siku ya kwanza, siku ile nilipomfungia mlango mtu wa Nungwi, likakubaliwa kuwa ni kweli.

Nilichukua nakala nikakaa nayo kwenye benchi la nje. Nilisoma kurasa zote. Nilikuwa natafuta ukuta. Nilidhani pahala fulani, hata kwenye mstari mmoja, patatajwa kwamba wakati mashauri haya yakisubiri nyumba yenyewe ilianguka, na mwanamke wa miaka sabini na sita aliteremshwa dirishani. Haumo. Nyumba katika zile kurasa imesimama vile vile, ghorofa mbili, mipaka yake imeandikwa kaskazini na kusini.

Wakili akanipa mkono, anatabasamu. Nikamuuliza sasa inakuwaje. Akasema nyumba ni ya mama, rehani iko pale pale, deni liko pale pale, na benki ikitaka inaweza kuanza upya kwa notisi iliyo sahihi. Na mnunuzi? Atawadai benki warudishe fedha zake. Wakikataa, afungue kesi. Yaani mtu aliyeuza ardhi ya babu yake na kusubiri miaka yote ile naye ametolewa, bila ya kuingia hata siku moja.

"Lakini tumeshinda," wakili akasema. "Ni kesi ambayo wengine wataitaja."

Nilikwenda Jambiani siku ya mapumziko. Maji yalikuwa yamekupwa, na mama amekaa ukumbini kwa mdogo wake na kamba mapajani, anafunga mbegu za mwani moja moja, miwani mipya puani. Nikamwambia.

"Ngazi ipo?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Choo?"

"Hapana."

Akaendelea kufunga. "Basi mpigie yule mtu wa Nungwi. Mwambie aje tuzungumze. Bila ya wale wengine."

Akaja. Tulikaa chini watatu, na sufuria ya chai katikati. Mama alisema hawezi kujenga, na hataki nyumba yake iuzwe tena kwa siri. Yeye akasema bado anaitaka, hata ikiwa hivyo, maana kuijenga anaweza, na fedha zake zimekwama benki vile vile. Tukakubaliana twende benki pamoja: yeye aichukue nyumba kwa hiari ya mama, fedha zake zilizokwama zikate deni, na aongeze kidogo cha mama kujengea vyumba viwili vya chini hapo Jambiani. Ilituchukua muda wa sufuria moja ya chai. Benki ilitusumbua, ilitaka barua hii na ile, lakini mwishowe ikakubali, kwa sababu ilikuwa inapata chake.

Sufuria moja ya chai. Tungeweza kuinywa siku ya kwanza. Ningemkaribisha badala ya kumwita mwizi, pengine. Au kaka angemleta kabla ya mnada wowote. Au mtu mmoja kati ya wale wote tuliowalipa angetwambia kwamba kuna njia ya kukaa na kuzungumza. Nimejaribu kuisamehe miaka ile, na nasikia watu wanaosamehe hulala vizuri. Mimi silali vizuri. Kaka nimeanza kuongea naye, salamu na afya basi. Wakili nikimuona Vuga navuka barabara.

Mtu wa Nungwi ameujenga ukuta kwa mawe na chokaa, si kwa saruji. Binti zake wanakaa pale. Amenialika mara mbili na mara mbili nimesema nna kazi.

Mwezi uliopita mwanamke mmoja tunayefanya naye kazi, wa dirisha la mizigo, alinijia na karatasi ya dalali wa mahakama. Nyumba ya marehemu mumewe, mkopo wa shemeji. Siku kumi na nne, na tisa zimeshapita. Nikamuuliza kama wameomba zuio.

"Tumekata rufaa," akasema. "Wakili kasema nisiwe na wasiwasi."

Nikamuuliza kama nyumba ina nyufa. Akashangaa, akasema iko moja, jikoni. Nikafunga dirisha langu, nikamwambia msimamizi anikate mshahara wa siku ile akipenda, nikamshika mkono yule mwanamke tukaenda mahakamani kwa miguu. Njiani nilimwambia nini cha kuomba, na kwamba katika ombi hilo hilo aombe ruhusa ya kutengeneza. Alikuwa ananitazama kwa hofu kidogo, maana nilikuwa nasema kwa nguvu, na watu walikuwa wanageuka.